Mwenye alama hafifu naye aombe shahada ya uzamivu?



Ijumaa hii tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo limekuwa likituijia mara kwa mara baada ya swala, hapa Moshi mjini na katika vijiji vya mlimani, kuanzia Kibosho na Old Moshi hadi Marangu. Nalo ni suala la mtu mzima, aghalabu mwalimu, muuguzi, bwana shamba au ofisa wa ushirika, ambaye shahada yake ya kwanza aliipata kwa alama za chini. Sasa moyo wake unamtuma asome hadi shahada ya uzamivu, yaani udaktari wa falsafa, lakini kila akiitazama karatasi ya matokeo yake ya zamani anaona haya kuipeleka popote. Wengine wamekwisha kata tamaa. Wengine, na hao ndio wanaotutia hofu zaidi, wamekwisha kuelekezwa kwa mtu fulani wa mjini anayejua njia ya mkato.

Si ajabu kwamba shauku hii ipo kwetu. Mji wa Moshi umezungukwa na vyuo. Upo Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza mwaka 1963 kama chuo cha kufundishia watendaji wa vyama vya ushirika na kupata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2014. Kipo chuo cha tiba pale KCMC, kipo Chuo Kikuu cha Mwenge, kipo kituo cha Chuo Kikuu Huria, na ukipanda kidogo kuelekea msituni unakuta Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, nacho cha mwaka 1963. Mtu anayepita kila siku mbele ya malango hayo akienda kazini hana budi siku moja ajiulize kama na yeye hana nafasi humo.

Basi tuanze na hizo alama zenyewe. Katika vyuo vyetu vingi wastani wa alama, ambao wanafunzi wote wanaujua kwa jina la GPA, hupimwa hadi 5.0. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni kufaulu tu, ile ambayo wanafunzi huitaja kwa sauti ya chini. Kizingiti cha kawaida cha kuingia masomo ya uzamili ni hiyo 2.7. Na uzamivu nao kwa kawaida hudai kwanza uzamili, tena uliofanywa vizuri. Kwa hiyo mwenye 2.5 hazuiwi na mlango mmoja. Anazuiwa na wa kwanza, na nyuma yake upo wa pili.

Kabla hatujaenda mbali, tunaomba ieleweke kwamba si kila alama hafifu ni alama ya uvivu. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa mapema mwaka 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri kwa mkupuo mmoja, hata Serikali ikaunda tume na kuamua matokeo hayo yapangwe upya. Watoto wa mwaka ule leo ni watu wenye umri wa miaka thelathini na kitu. Wapo miongoni mwao waliojikongoja kwa vyeti na stashahada hadi wakafika chuo kikuu, wakiwa wamebeba msingi mbovu ambao hawakuujenga wao. Wapo pia waliosoma wakiuza nyanya Mbuyuni, wakiuguza wazazi, au wakikosa ada muhula mmoja na kuikuta baada ya mitihani. Lakini pia, na hili tuliseme bila kupepesa macho, wapo waliokuwa na kila kitu wakacheza. Kamati ya udahili haina njia ya kuwatofautisha hawa na wale mpaka mwombaji mwenyewe alete ushahidi.

Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka kata moja ya Moshi Vijijini alitufuata siku moja akiwa na bahasha mkononi. Akasema, "Shehe, mimi nina 2.5 ya mwaka 2011. Nina miaka kumi na miwili darasani, wanafunzi wangu wanafaulu. Lakini nimeambiwa na 2.5 hii hata uzamili sitaupata maishani. Ni kweli?" Tukamwambia, "Mwanangu, aliyekuambia amesoma kanuni yenyewe, au naye kaambiwa?" Hakuwa na jibu. Hili ndilo tatizo la kwanza la ndugu zetu wengi: wanakata tamaa kwa habari za vibarazani.

Kanuni zenyewe, kwa hakika, hazikuandikwa na watu wasiojua maisha. Chukua mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika kanuni zake za masomo ya uzamili kumekuwa na kifungu kinachomhusu hasa mwenye shahada ya kufaulu tu. Huyo anaweza kufikiriwa iwapo katika somo lile analotaka kuendelea nalo alikuwa na wastani wa alama B, hata kama masomo mengine yalimwangusha. Au iwapo ameonesha uwezo kwa kazi ya utafiti wa uwandani, na kazi hiyo imechapishwa au ipo katika ripoti. Au iwapo amesoma stashahada ya uzamili katika fani hiyo na kupata B au zaidi. Hizo ni njia tatu, na zote zipo wazi mchana kweupe. Kila chuo kina kanuni zake, na huandikwa upya mara kwa mara, kwa hiyo mtu asichukue maneno yetu akayafanya hati. Aende katika ofisi ya msajili au kurugenzi ya masomo ya uzamili, aombe kanuni za mwaka huo, akae chini azisome yeye mwenyewe.

Stashahada ya uzamili ndugu zetu huidharau, wakiona ni mwaka wa kupoteza na ada ya kupoteza. Sisi tunaona kinyume chake. Ndiyo njia ya unyoofu kuliko zote, kwa sababu inamruhusu mtu kuweka alama mpya juu ya meza pembeni ya zile za zamani. Mtu aliyepata 2.5 akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, kisha akapata wastani wa B+ akiwa na miaka thelathini na sita huku akifanya kazi na kulea watoto, amekwisha toa hoja ambayo barua ya kurasa kumi haiwezi kuitoa. Baada ya hapo uzamili, na katika uzamili huo asichague njia nyepesi isiyo na tasnifu. Tasnifu ya uzamili ndiyo kipande cha kazi ambacho wapimaji wa uzamivu watakisoma, kwa maana inaonesha kama mwombaji anaweza kuuliza swali moja na kulifuata mpaka mwisho.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Shahada ya kwanza hupima kama umeyashika yale yaliyokwisha julikana. Uzamivu hudai ulete jambo ambalo halijajulikana. Ni mizani mbili, ingawa hupimiwa mtu mmoja. Ndiyo maana historia inao watu ambao ile ya kwanza iliwakataa na ya pili ikawakubali.

Mfano mkubwa kuliko yote upo katika nchi yetu wenyewe. Jane Goodall alifika Gombe, Kigoma, Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26. Hakuwa na shahada yoyote. Alikuwa amesomea ukatibu muhtasi kwa sababu nyumbani kwao Uingereza hapakuwa na fedha za kumpeleka chuo kikuu, akaja Kenya, akaajiriwa na mtafiti Louis Leakey. Mwaka ule ule wa 1960 alimwona sokwe akitumia bua la majani kuvulia mchwa kichuguuni, jambo lililowalazimisha wataalamu wafikiri upya, kwani walikuwa wakifundisha kuwa ni binadamu pekee atengenezaye zana. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Cambridge kikampokea moja kwa moja katika masomo ya uzamivu pasipo shahada ya kwanza, na katikati ya miaka hiyo ya 1960 akayamaliza. Alipofika huko walimkosoa kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba. Akavumilia, akajifunza lugha ya wenye fani, wala hakuacha aliyoyaona kwa macho yake.

Tusijidanganye, hata hivyo. Goodall alikuwa na Leakey wa kumwandikia barua, na kijana wa Uru hana Leakey. Isitoshe, mlango ule wa Cambridge ulifunguliwa kwa nadra hata wakati ule, na leo kwetu hakuna mtu wa kutegemea kuingia uzamivu bila shahada zilizotangulia. Tunamtaja ili ionekane kilichomfungulia ni nini: ni miezi aliyokaa msituni na daftari lililojaa. Daftari hilo kijana wa Uru anaweza kuwa nalo.

Huko Uingereza pia alikuwapo John Gurdon, ambaye mwaka 1949 katika shule ya Eton alikuwa wa mwisho kabisa katika baiolojia kati ya wanafunzi 250, na mwalimu wake akaandika katika ripoti kwamba fikra ya kijana huyo kuwa mwanasayansi ni upuuzi. Chuoni Oxford aliomba uzamivu katika elimu ya wadudu akakataliwa. Mwalimu mwingine, Michail Fischberg, akamchukua afanye utafiti wa vyura, na kazi hiyo ya vyura ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Ile ripoti ya shule aliitia katika fremu akaiweka ofisini kwake. Alikataliwa, naam, lakini alikuwa na mahali pengine pa kuomba, na akaomba.

Sasa turudi mlimani, Mweka. Watu wengi wa hapa hawajui kwamba mwaka 1969, mmoja wa wanafunzi wa chuo kile cha wanyamapori alikuwa Mtanzania ambaye jina lake sasa linatajwa katika maabara za fizikia duniani kote. Huyo ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, Lushoto, yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza barafu ya maziwa. Kwa kuwania nafasi ndani ya jokofu akayaweka maziwa yake yangali ya moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na baadaye mwalimu mwingine akamkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya walimwengu. Wanafunzi nao wakaifanya mzaha. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akaja Dakta Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza swali lake lile lile mbele ya wote, wenzake wakaangua kicheko. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wake wa maabara alijaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli, na kwamba atarudia jaribio hadi apate jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 makala yao ikachapishwa katika jarida la elimu ya fizikia huko Uingereza, jina la Mpemba likitangulia na la msomi mwenye udaktari likifuata.

Mpemba hakuwa mwanafunzi dhaifu, na maisha yake aliyatumia katika utumishi wa wanyamapori. Wanafizikia nao wangali wanabishana hadi leo juu ya jambo aliloliona, lini linatokea na kwa nini. Tunalomtajia ni hili: alikuwa na swali lake mwenyewe, alilolipata kwa mikono yake, na hakulitupa kwa kuwa mwenye cheo alilicheka. Mwenye alama hafifu anayetaka uzamivu hana mtaji mwingine zaidi ya swali la namna hiyo.

Na maswali yapo, ndugu zetu, tunayakanyaga kila siku. Barafu ya Kibo imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912. Mifongo iliyochimbwa na mababu kuteremsha maji hadi vihambani, mingine ingali inatiririka na mingine imekauka, na wazee wanaojua zamu za maji zilivyogawanywa wanapungua kila mwaka. Kahawa, iliyowafanya wakulima wa hapa waanzishe chama chao mwaka 1925 na kisha KNCU mwaka 1933, imeng'olewa katika vihamba vingi ikapandwa ndizi na mboga. Kwa nini kijiji kimoja kiling'oa na cha jirani kikabakiza? Kituo cha utafiti wa kahawa kipo Lyamungu. Vyama vya msingi vina madaftari. Muuguzi wa zahanati anao wagonjwa anaowaona kwa miaka kumi, naye profesa wa mbali huwaona kwa wiki mbili. Mtu akikusanya kumbukumbu kwa utaratibu, kwa idhini ya wahusika, akaandika ripoti na kuisoma katika kongamano au kuichapisha katika jarida linaloaminika, anakuwa amekwisha toka katika hesabu ya 2.5.

Linafuata suala la msimamizi. Uzamivu kwetu, hasa ule wa tasnifu, ni safari ya mwanafunzi na mwalimu mmoja au wawili kwa miaka mitatu au zaidi. Sisi tuliopitia madrasa hili halitutii ugeni. Ijaza hutolewa na mwalimu kwa mwanafunzi anayemjua, baada ya kumsikiliza na kumsahihisha. Na kisa cha Nabii Musa na Khidhr, amani iwe juu yao, kilichomo katika Sura ya Al-Kahf, ni kisa cha mtu mkubwa aliyesafiri kumtafuta mwalimu, akakubaliwa kwa sharti la subira, na sharti hilo likamshinda mara tatu. Basi mwombaji asitume barua moja kwa maprofesa arobaini. Amtafute mmoja ambaye kazi yake inagusa swali lake, asome angalau makala zake mbili, kisha aandike ukurasa mmoja: swali ni hili, nimekwisha fanya haya, ninachokihitaji kwako ni hiki. Profesa mwenye shughuli nyingi hulijibu swali zuri hata akiwa amechoka. Ombi la kuonewa huruma huliweka kando.

Ama kuhusu zile alama zenyewe, azitaje mwenyewe kabla hajaulizwa. Aya moja inatosha. Kama kulikuwa na maradhi au msiba na ushahidi upo, aseme na auambatishe. Kama hapakuwa na sababu ila ujana, aseme alikuwa hajajua thamani ya alichokuwa nacho, kisha aoneshe alama za baadaye. Asilie katika barua, wala asiwatupie lawama walimu wake. Wafadhili nao husoma hivyo hivyo. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaotolewa na Uingereza, kwa mfano, umekuwa ukidai daraja la pili la juu, lakini humfikiria pia mwenye daraja la pili la chini iwapo ana shahada ya uzamili inayohusiana na masomo anayoyaomba. Mwenye kufaulu tu hawezi kuupata kwa shahada ya kwanza peke yake, na ni heri ajue hivyo mapema asipoteze nauli na matumaini.

Tumegusia njia za mkato, na hatuwezi kuziacha. Aprili 2017, pale Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wengi walikuwa watu wazima wenye familia, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakifanya kazi zao vizuri. Kazi ziliondoka kwa siku moja. Leo kughushi kumebadili sura. Wapo wanaouza shahada za vyuo visivyokuwapo, wapo wanaomwandikia mtu tasnifu nzima kwa malipo, na wapo wanaogawa udaktari wa heshima katika kumbi za hoteli. Kumnunua mwandishi wa tasnifu ni uongo na ni khiyana, na sisi hatuoni namna ya kuuita kwa jina lililo laini zaidi. Shahada ya nje ya nchi ni lazima itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu ndipo itumike hapa, na ni bora kuiuliza Tume kabla ya kulipa ada kuliko baada ya kuvaa joho.

Linabaki jambo moja ambalo washauri wengi hulificha, nasi tunaona ni dhuluma kulificha. Mtu anaweza kuipanda ngazi yote hii, akapata uzamivu wa halali kabisa, na bado akakuta mlango wa kufundisha katika chuo kikuu cha umma umefungwa. Matangazo mengi ya nafasi za wahadhiri hudai, pamoja na uzamivu, alama fulani katika shahada ya kwanza. Kwa miaka ilikuwa 3.5, na baadaye matangazo mengi yakataka 3.8, pamoja na 4.0 katika uzamili. Ile 2.5 ya ujanani haifutwi na joho jekundu. Kuna wanaoona hili ni haki, kwa kuwa mwalimu awe mfano tangu mwanzo. Sisi tunaona mtu aliyethibitisha uwezo wake katika daraja la juu kabisa kupimwa tena kwa daraja la chini ni jambo linalostahili kutazamwa upya na wenye mamlaka. Lakini mpaka litazamwe, ndivyo lilivyo.

Yule mwalimu wa bahasha tulipomweleza hili alikaa kimya kitambo, akauliza kama basi kuna faida gani. Tukamuuliza yeye anautaka uzamivu kwa ajili ya nini. Akasema mfongo wa kwao ulikauka mwaka aliozaliwa mdogo wake wa mwisho, na kila mzee ana sababu yake, na yeye anataka kujua iliyo ya kweli. Kwa mtu wa namna hiyo zipo taasisi za utafiti, zipo halmashauri, yapo mabonde ya maji, na ipo shule yake mwenyewe. Kwa anayetaka kuitwa Dakta msikitini na harusini, ada ya miaka mitatu ni ghali mno. Kituo cha Chuo Kikuu Huria kipo mjini Moshi, na ofisi ya masomo ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Ushirika haiko mbali. Tulimshauri aende na karatasi zake zote, ile ya 2011 ikiwa juu, aulize ni lipi linalohitajika kwa mtu mwenye alama kama zake, na majibu ayapate kwa maandishi.